Kunyoosha shasi ya Dyna ya zamani nyumbani: kupima siku mbili, kusukuma nusu saa

Shemeji alirudi hapa Goma kutoka Sake na Dyna yake, lori dogo la Toyota, inayotembea upande upande: magurudumu ya mbele yanaelekea Kituku, ya nyuma yanaelekea Ndosho. Alikuwa amempisha mtu, akateleza kwenye mfereji, na jiwe la makoro (lava iliyopoa) likaipiga shasi ubavuni. Fundi wa kwanza alimwambia shasi imekufa, auze vyuma. Tuliinyoosha katika parseli yangu (kiwanja cha nyumbani), bila mashine ya garaji kubwa. Naandika jinsi tulivyofanya, kwa sababu nimeona watu wakivunja shasi nzima kwa haraka ya kuinyoosha.

Shasi ninayoizungumzia ni ile ya reli mbili ndefu (lonjero) zilizounganishwa na traversi (vyuma vya kukingama), ya gari dogo la mizigo la zamani. Malori makubwa nitayagusa kwenye maswali.

Kwanza: usiilaumu shasi bado

Angalia senta bolti ya springi za nyuma, ile inayobana majani ya springi katikati na kichwa chake kukaa kwenye tundu la ekseli. Ikikatika, ekseli inateleza upande mmoja na gari linakwenda mshazari hata kama shasi imenyooka kama rula. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto. Kwetu upande wa kulia ulikuwa mfupi kwa milimita 17, na senta bolti ilikuwa vipande viwili. Yaani sehemu kubwa ya ugonjwa ilikuwa bolti moja. Tungeanza na jeki tungekuwa tunanyoosha kitu kingine kabisa.

Kupima

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaruka.

Toa bodi la mizigo, propela (mhimili unaozungusha ekseli ya nyuma), gurudumu la akiba na tangi la mafuta. Osha matope yote. Inua gari, likalie stendi nne imara. Goma ardhi yetu inajulikana: lava ya 2002 imepoa na mawimbi yake, hakuna parseli iliyo sawa. Kwa hiyo usishushe timazi chini ukachora kwa chaki na kupima hapo. Utakuwa unapima mteremko, si shasi. Sisi tulisawazisha stendi kwa mpira wa maji, ule ule wa waashi, tukapima moja kwa moja chini ya shasi, tundu hadi tundu. Chagua matundu ya kiwandani au vichwa vya ribiti (pini zilizogongwa kuunga vyuma) vilivyo sawa pande zote mbili, kisha pima diagonali, yaani kona hadi kona, za kila boksi kati ya traversi na traversi.

Boksi za mbele zilikubaliana. Boksi yenye kona pale kwenye kishikio cha mbele cha springi ya nyuma ilitoa milimita 1,655 upande mmoja na 1,649 upande wa pili. Shemeji akacheka: "Milimita 6 tu?" Diagonali inaficha. Vuta uzi kando ya reli kwa nje, uuweke juu ya vibao viwili vya unene ulio sawa mahali reli haijaguswa, kisha pima nafasi kati ya uzi na chuma kila sentimita 10. Uzi ulisema reli ya kulia imeingia ndani milimita 14, kilele kikiwa pale pale kwenye kishikio. Andika namba zote kwa chaki juu ya reli yenyewe. Karatasi hupotea.

Pima pia kwenda juu na chini, maana reli inaweza kuwa imeingia na kulala pamoja. Ikiwa hivyo, anza na kosa lililotokea mwisho: kawaida ndilo linaloyashika mengine.

Tafuta nyufa kabla ya kusukuma

Safisha kwa brashi ya chuma, pakaa mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kavu, kisha paka unga wa chaki. Mahali penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari mweusi mwembamba. Angalia hasa kuzunguka ribiti na kwenye kona ya kukunjia ya reli. Ukikuta ufa, usisukume kwanza. Toboa tundu la milimita 6 kwenye ncha yake usiendelee kukimbia, kisha amua.

Kusukuma

Kanuni moja: nguvu izunguke ndani ya shasi yenyewe. Usifunge gari kwenye mti, wala ukuta wa jirani.

Tulichukua putreli (boriti ya chuma yenye umbo la I) ya IPN 160, urefu wa mita 1.8, tukailaza ndani, sambamba na reli iliyoumia. Ncha zake mbili tulizifunga kwa mnyororo pamoja na reli, karibu na traversi, mahali ambapo reli ni nzima. Katikati, kati ya putreli na reli, tukaweka jeki ya chupa ya tani 20. Mnyororo unashika ncha, jeki inasukuma tumbo. Ni kama kunyoosha fimbo kwa goti, ila goti liko ndani.

Kati ya kichwa cha jeki na reli weka bamba la milimita 10 au 12, likae kwenye uso mpana wa reli, si kwenye mdomo wake, yaani ukingo uliokunjwa. Mahali mnyororo unapozunguka, jaza tumbo la reli kwa kipande cha mbao ngumu, la sivyo midomo itajifunga kama kitabu.

Mnyororo uwe wa kunyanyulia mizigo, wenye alama ya daraja, si wa kufungia mbwa. Utupie gunia lenye mchanga au tairi kuukuu. Hakuna mtu kusimama kwenye mstari wake. Watoto ndani ya nyumba.

Piga jeki taratibu, ukiangalia uzi. Milimita 6 za kwanza zilirudi zote tulipolegeza. Chuma kilikuwa kinatucheka. Tukasukuma hadi uzi ukasema sifuri, tukalegeza, kikarudi hadi 7. Hiyo 7 ndiyo desturi ya chuma chako, iheshimu. Mara ya tatu tukapita sifuri kwa milimita 7, tukaacha jeki imebana dakika kumi huku tukigonga reli polepole kwa nyundo ya kilo moja kuzunguka mkunjo. Tulipolegeza, ilibaki 2. Nikasema basi. Shemeji alitaka sifuri. Nikamwambia kila safari ya kwenda na kurudi inachosha chuma, na diagonali sasa zilitofautiana chini ya milimita 1.

Baadaye gonga kila ribiti ukiwa umeweka kidole upande wa pili. Inayotetemeka toa, weka bolti ya daraja 8.8 au zaidi inayoingia kwa kubana. Tafuta nyufa tena. Paka rangi siku hiyo hiyo, mvua zetu hazingoji.

Maswali ya wanachama

*Bukavu, Kadutu:* Fundi, aksanti sana. Yangu mdomo wa chini wa reli umejikunja kabisa, baridi haikubali. Nitumie shalimo (moto wa gesi)?

Ikiwa ni chuma laini cha gari dogo la zamani, ndiyo, lakini kivulini, maana juani rangi inakudanganya. Wekundu hafifu, kama nyuzi 650, usifike rangi ya chungwa. Pasha eneo pana, si nukta. Acha ipoe yenyewe. Ukimwaga maji umeifanya iwe ya kukatika. Na tangi la mafuta liwe mbali, pamoja na mipira ya breki.

*Lubumbashi, Katuba:* Papa, mimi iko na lori ya kubeba mzigo ya Kasumbalesa. Kwenye shasi kuna kibandiko kinakataza kupasha moto na kutoboa midomo. Kweli ama ni maneno?

Kweli kabisa. Reli hizo zimetiwa ugumu kwa moto kiwandani; ukizipasha unaondoa ugumu huo, na shasi itakunjika hapo hapo siku ya mzigo. Hiyo si kazi ya parseli. Peleka kwa wenye mashine ya kunyoosha ikiwa baridi.

*Goma, Majengo:* Kaka, kwa nini usivute tu kwa lori lingine?

Kwa sababu lori halina milimita. Linavuta kwa pigo, na kitakachonyooka kwanza ni kile kilicho dhaifu, si kile kilichopinda.

*Bukavu, Bagira:* Jeki yangu ikilala haipandi. Imekufa?

Igeuze ili pampu yake iwe upande wa chini. Ikiwa juu inavuta hewa badala ya mafuta.

*Goma, Himbi:* Yaya, nikishanyoosha nichomelee bamba la kuongeza nguvu?

Pasipo na ufa, hapana. Bamba linafanya sehemu moja ngumu, na reli inaanza kukatika pale bamba linapoishia. Pakiwa na ufa, funga ufa kwanza kwa elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ya 7018 iliyokaushwa, kisha bamba lenye ncha zilizokatwa mshazari, bila kuchomelea mstari unaokata reli wima. Na utoe waya wa betri kabla ya yote. Shemeji alisahau, akanunua alterneta.