Ndevu za mahindi: namna ya kuzikausha zisiote ukungu

Wiki hii nimemsaidia rafiki aliyekuwa amepoteza furushi zima la ndevu (nyuzi za hindi zinazotengenezwa chai) kwa ukungu. Mimi pia furushi langu la kwanza liliishia hivyo hivyo, kwa hiyo naandika.

1. Kuchagua. Tumia hindi bichi ambalo punje zake zimejaa. Kila uzi umeungana na punje moja. Chavua ikishapita na punje ikatungwa, uzi huachia wenyewe. Ukizing'oa mapema, unapata hindi lenye mapengo. Shamba lililopigwa dawa ya viwavi liache kabisa, maana dawa hiyo inaweza kufikia ndevu zenyewe.

2. Kumenya. Kata ncha zilizonyauka, bakiza zilizofunikwa na maganda.

3. Kukausha. Hapa ndipo kazi ilipo. Ndevu hushikana, na shungi likikauka juu, ndani hubaki bichi. Mimi nililigusa kwa nje, likavunjika vizuri, nikalifungia. Siku chache baadaye nikafungua, nikakuta harufu ya uvundo. Kwa hiyo zichambue kwa vidole, uzitandaze nyembamba kiasi cha kuona ungo chini yake. Ungo au chekeche, si sinia: hewa lazima ipite chini pia. Gazeti silitaki, wino wake unahamia. Weka kivulini penye upepo, kwani jua kali huzipausha. Zigeuze asubuhi na jioni, na kila ukizigeuza chambua tena, hasa upande ule uliokuwa umeshikana na gunzi, kwa sababu ndio unaochelewa. Usiku zirudishe ndani, unyevu usizirudie. Ukidhani zimekauka, ongeza siku moja. Kipimo changu: chukua uzi wa katikati kabisa, ukunje, ukipinda bila kukatika, bado. Ukiona doa la ukungu, tupa fungu lote. Usijaribu kuokoa upande.

4. Kuhifadhi. Chupa ya kioo, mahali pakavu, gizani.

5. Chai. Kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Ladha yake ni ya utamu mdogo, haihitaji sukari. Tangu zamani hunywewa ili kuongeza mkojo. Mjamzito, au anayetumia dawa za presha, kisukari au za kuongeza mkojo, amuulize daktari kwanza. Mkojo unaouma ukiambatana na homa au damu ni wa kupeleka hospitali siku hiyo hiyo, chai isubiri.