Unapanda ndege na kichanga peke yako? Siti ichague hivi

Ukisema tu unasafiri na mtoto mchanga bila baba yake wala dada wa kukusaidia, kila mtu atakwambia "omba siti ya mbele, zile zenye kitanda cha mtoto", na ushauri unaishia hapo. Sio ushauri mbaya ila ni nusu. Hiyo siti inamfaa sana mtoto wa miezi mitatu, wa miezi kumi na moja anayetaka kutambaa mpaka kwa rubani itakutesa wewe na yeye. Kabla hujaanza kubofya ramani ya siti jiulize mtoto ana kilo ngapi, ndege ni ya aina gani, na inaruka saa ngapi. Na kumbuka uko mwenyewe, hamna wa kumpokea mtoto ukibanwa na choo, hilo peke yake linabadilisha hesabu yote.

Tuanze na hicho kitanda, maana ndo watu wanakigombania. Kinaitwa basineti, na inafungwa kwenye ukuta, ule unaotenganisha madaraja au wa mbele ya vyoo, kwa hiyo ipo kwenye mistari michache tu tena kwenye ndege kubwa za safari ndefu. Hizi ndege ndogo za Dar Mwanza au Nairobi Kisumu usiitegemee. Wahudumu wanaileta ndege ikishatulia juu na wanaitoa kabla ya kutua, sio kwamba mtoto analala humo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na ina kikomo cha uzito, mashirika mengi wanaishia kilo 10 au 11 hivi, wengine zaidi kidogo, wengine chini ya hapo na wanaangalia mpaka urefu, kwa hiyo pima mtoto wako wiki ile ya safari usitumie kilo za kadi ya kliniki za miezi miwili iliyopita. Watoto wetu wengine jamani wakifika miezi sita wanakuwa mabonge hasa.

Kitu ambacho hawakwambii ni kwamba taa ya mkanda ikiwaka, mashirika mengi wanakutaka umtoe mtoto kwenye basineti umshike. Sasa chukua ndege ya usiku ya kwenda Ulaya, mtoto umembembeleza saa nzima kalala, umejifunika na wewe angalau usinzie, ndege inaingia kwenye mawingu ya ikweta inaanza kutikisika, pim, taa inawaka, dada wa watu anakuja anakuinamia "samahani mama, naomba umtoe mtoto". Unamtoa, anaamka, anaangua kilio, na dakika kumi baadaye taa inazimwa. Inaweza kutokea hata mara tatu usiku mmoja. Bado naipenda basineti kwa mtoto wa chini ya miezi sita, maana hata saa moja ya mikono mitupu unakula chakula chako cha moto, ila usiende ukidhani umepata chumba.

Siti za ukutani zina mambo mengine. Hamna siti mbele yako, kwa hiyo hamna pa kusukumia begi chini, wakati wa kuruka na kutua kila kitu kinapanda juu. Trei inatoka kwenye mkono wa siti, na ukiwa na mtoto mapajani huwezi kuifungua vizuri. Mikono ya siti hainyanyuki, hata siti ya jirani ikiwa wazi huwezi kumlaza mtoto akanyooka. Halafu wenye watoto wote wanakusanywa hapohapo, mmoja akinyamaza mwingine anapokea. Uzuri wake ni nafasi ya kusimama na kubembeleza bila kumgonga mtu. Ukikaa hapo, kabla begi halijapanda juu toa pampasi mbili, waipsi, nguo moja ya kubadilisha na chupa, vifunge kwenye kanga, vitie kwenye ule mfuko wa ukutani kama upo.

Na kuipata ni kazi nyingine. Mtoto mwingize kwenye tiketi siku unayobuku, sio baadaye. Kwa safari za kimataifa mtoto wa mapajani mara nyingi analipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na mwisho wake ni miaka miwili, akitimiza mbili kabla ya kurudi basi kurudi ananunuliwa siti yake. Ukishapata tiketi, pigia shirika lenyewe, maana siti ya ukutani ni ombi moja na basineti ni ombi jingine, unaweza kupewa siti na kitanda kisijulikane. Wakala akikwambia "nimeshaomba dada", hiyo maana yake ameomba, muulize imethibitishwa? Kwa ndege zote mbili? Kama una koneksheni Doha, Dubai, Addis au Istanbul, ndege ya pili ni ndege nyingine na mpangilio mwingine, na wakati mwingine tiketi imeandikwa shirika hili kumbe anayerusha ni shirika lile, hapo unayetakiwa kumpigia ni yule anayerusha. Siku moja kabla ya safari fungua tena bukingi uangalie namba ya siti, wakibadilisha aina ya ndege siti zinapangwa upya na mtu hakupigii simu.

Kucheki in kwenye simu ukiwa na mtoto mara nyingi mfumo unagoma unakutuma kaunta. Wahi. Wahi kweli, uwe kwenye wale watu wa mwanzo kabisa kaunta inapofunguliwa, maana siti nzuri zinaisha na yule wa kaunta bado hajachoka na watu. Muulize kwa upole ndege imejaa? kama haijajaa naomba siti ya jirani yangu ibaki wazi. Wengi wakiona uko na kichanga peke yako wanakufanyia, ni sekunde mbili kwenye kompyuta. Hili swali kwangu lina thamani kuliko basineti kwa mtoto aliyeshapita miezi minane, siti tupu pembeni ambayo mkono wake unanyanyuka ni kitanda cha kweli, na taa ya mkanda ikiwaka unamvuta tu mapajani.

Haya, kama basineti haipo au mtoto ameshaipita, hapo ndo inakuja dirishani au korido. Siti ya katikati isahau, ukipangiwa lia hapohapo kaunta.

Mtoto anayenyonya na bado hatambai, ndege ya usiku: kaa dirishani. Una ukuta wa kuegemea, unamnyonyesha ukiwa umegeukia huko na kanga yako begani, hamna anayepita akamgusa, na dirisha unalifunga wewe mwenyewe. Ubaya ni kuomba njia kila unapotoka, ila mtoto wa hivyo akilala amelala. Mtoto anayetambaa au anayejifunza kusimama, hasa ndege ya mchana: korido. Utainuka mara nyingi mno, ukiwa dirishani utawaamsha watu wawili kila baada ya robo saa mpaka uone aibu ubaki umekaa naye analia.

Ukiwa korido kuna hatari moja watu hawaizungumzii. Kitoroli cha chakula kinapita karibu na kiwiko chako, na begi la mtu anayetafuta siti linapita usawa wa kichwa cha mtoto, kwa hiyo kichwa kielekee ndani siku zote, miguu ndo iwe upande wa njia. Halafu chai. Mhudumu anapitisha kikombe cha moto juu ya mtoto wako kwenda kwa aliyekaa dirishani, na mtoto wa miezi tisa chochote kinachopita mbele ya macho anakidaka. Ukiona trei ya vinywaji inakuja mnyanyue mtoto mlaze bega la upande wa pili, na wewe mwenyewe chai ya moto achana nayo mpaka mtoto atoke mapajani.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua ndege, angalia mpangilio wa siti kwenye saiti ya shirika kabla ya kulipa. Dreamliner (Boeing 787) nyingi, za Air Tanzania na Kenya Airways zikiwemo, ekonomi ni 3-3-3, yaani siti tatu, njia, tatu, njia, tatu. Boeing 777 nyingi zina 3-4-3, hiyo ni msongamano. Airbus A330 nyingi ni 2-4-2, na mimi kwa mama aliye peke yake hiyo ndo naisifia, ukikaa zile siti mbili za ubavuni una jirani mmoja tu wa kuelewana naye, awe dirishani au korido. Ukiona mfumo unakukatalia siti fulani wakati inaonekana iko wazi usidhani wanakuonea, maski za oksijeni za ziada ziko kwenye baadhi ya mistari, na kwa kawaida kila kundi la siti linabeba mtoto mmoja wa mapajani. Mlango wa dharura ndo kabisa, hawakukalishi na mtoto hata ulipie.

Mbele au nyuma? Juu ya mabawa ndo kunatulia zaidi ndege ikitikisika, mkiani kunayumba zaidi. Nyuma kelele za injini ni kubwa, ila ule mvumo watoto wengi unawalaza, na siti tupu mara nyingi zinabaki huko. Unachotaka ni kuwa karibu na choo bila kuwa mlangoni pake, mistari mitatu minne hivi inatosha, ukikaa mstari wa mwisho foleni ya choo inasimama juu ya kichwa chako, taa za jikoni zinakumulika usiku kucha na siti nyingine huko hazilali nyuma. Meza ya kubadilishia mtoto haipo kwenye kila choo, angalia mlango wenye picha ya mtoto, na ukishapanda muulize mhudumu mapema kipo upande gani, kisha rudi ukae ukijua njia yako.

Kwa Marekani kuna mambo mawili. Mashirika mengi yanakupa mkanda mdogo wa mtoto unaopachikwa kwenye wa kwako, ila ndege za mashirika ya Kimarekani hawautumii, mtoto unamshika kwa mikono, kwa hiyo wasipokupa usidhani wamekusahau. Na ukimnunulia mtoto siti yake uje na kiti chake cha gari, hakikisha kina ile stika ya maandishi mekundu inayosema kinaruhusiwa na kwenye ndege, na mara nyingi kitafungwa dirishani ili kisizibe njia ya watu, maana yake wewe unakaa pembeni yake, siti ya katikati. Hapo tu ndo naikubali siti ya katikati.

Ukishakaa, jirani ndo sehemu ya siti yako. Msalimie kabla mtoto hajaanza fujo, mtu mzima mpe shikamoo yake, sema tu niko mwenyewe na huyu, akisumbua utanivumilia. Watu wetu ukishawasalimia vizuri mtoto anashikwa mpaka unamtafuta. Ila kumwachia mtu usiyemjua wakati unaenda chooni ni uamuzi wako, kwangu mimi bora mbeleko, mtoto kifuani unaingia naye, choo ni kidogo ila inawezekana. Wahudumu wengine watakushikia, wengine kazi yao haiwaruhusu, usikasirike. Wakati wa kuruka na kutua mbeleko utaambiwa uifungue. Na akija mtu kukuomba mbadilishane ili akae na mwenzie, angalia kwanza anakupeleka wapi. Korido yako ya karibu na choo hubadilishi na katikati mstari wa 38, mwambie samahani kaka nina mtoto, inatosha.

Kwa ndege za ndani fupi usijisumbue sana, saa moja inapita, ila ile ATR ya Precision Air, ndege ndogo ya mapanga, abiria wanapandia na kushukia mlango wa nyuma, kwa hiyo siti za nyuma ndo unatoka wa kwanza, na wengi wanakimbilia mbele wakidhani ndo VIP.

Ndege ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, mnyonyeshe au mpe chupa masikio yasimuume, na hapo ndo utashukuru ulikaa mahali mkono wako unaonyonyeshea hauko njiani. Mkishatua kaa. Waache wote wanaosukumana na mabegi wapite, isipokuwa koneksheni yako ni fupi, hapo mwambie mhudumu kabla hamjatua akusogeze mbele. Na kigari cha mtoto ulichokiacha mlangoni, uliza tangu kaunta kinarudishwa mlango wa ndege au kinakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safari, maana kutembea viwanja vya hao wenzetu na mtoto mgongoni na mabegi mawili ukitafuta geti la mwisho kule mbali ni shughuli, kwa hiyo mbeleko iwe juu kabisa kwenye begi.