Diski Ikikuomba Uifomati, Kataa

Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Juzi mpiga picha kaniletea diski ya nje yenye harusi nzima, na kompyuta inamwambia aifomati kwanza, yaani aiandae upya kama tupu. Bahati yake hakubonyeza.

Ikikutokea, usiandike chochote humo. Jaribu waya mwingine na tundu jingine la USB. Hewa yetu ya chumvi inakula vichwa vya waya, na mara nyingine ubovu unaishia hapo.

Kisha isikilize. Ikigonga tak-tak-tak, ichomoe. Vichwa vya kusomea vinaumwa, na kila inapozunguka vinaweza kukwangua sahani za ndani zinazobeba data. Usiifungue, wala usiitie kwenye friji, hata binamu yako aape vipi kwamba ilimsaidia. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

Kama haigongi, nakili diski nzima kwanza kwenye nyingine isiyopungua ukubwa wake. Mimi hutumia ddrescue, programu ya kunakili diski zenye kasoro, kwenye Linux: inazoa palipo pazima, ndipo inarudi penye kasoro, na ukiipa faili la kumbukumbu, umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Ya mpiga picha ilikesha.

Sasa hangaika na nakala tu. Programu ya TestDisk hurudisha sehemu za diski (partition) zilizopotea. Mwenzake, PhotoRec, huzoa picha, ila majina ya faili hupotea, kwa hiyo bibi harusi utamtafuta mwenyewe kati ya mafaili yenye namba tupu. Unavyookoa, hifadhi kwenye diski ya tatu. Chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, isiiguse ile ya asili, maana ikirekebisha nayo huandika.