Somo: Kupika yomari nyumbani, kitafunwa cha mavuno cha Wanewari

Yomari ni kitafunwa cha unga wa mchele kinachojazwa sukari guru na ufuta, kisha kikapikwa kwa mvuke. Wenyewe ni Wanewari, wenyeji wa Bonde la Kathmandu nchini Nepali. Msimu wake hasa ni Yomari Punhi, siku ya mwezi mpevu ambayo kwa kawaida huangukia Desemba, mpunga ukiwa umeshavunwa. Siku hiyo husagwa mchele mpya. Familia humwabudu Annapurna, mungu wa kike wa nafaka, na baadhi ya yomari huwekwa ghalani pamoja na mpunga, zikaachwa humo siku nne ndipo ziliwe. Jioni watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuomba yomari. Masimulizi ya Wanewari husema kwamba zilianzia Panauti, mji mdogo kusini mashariki mwa Kathmandu, kwa mke na mume waliojaribu kupika kitu kipya kwa mchele wa shamba lao.

Kwa hiyo ukipika yomari, mchele ndio wa kuuheshimu kwanza. Wengi wakisikia kuna sukari guru ndani huhangaika na utamu, wakausahau unga. Mimi nasema robo tatu ya kazi iko kwenye ganda.

Unga. Chagua mchele wa punje fupi, wenye kunata kidogo ukiiva. Basmati acha kwa pilau, ganda lake huvunjika. Osha, loweka saa tatu hivi, chuja, kisha utandaze kwenye kitambaa kisafi mpaka maji ya juu yakauke lakini punje ibaki na unyevu kwa ndani. Saga au twanga, chekecha mara mbili. Unga huu una harufu ambayo unga wa pakiti hauna. Kama huna nafasi ya kusaga, tumia wa pakiti, ila hakikisha ni laini kabisa na haujakaa sana.

Vya ndani. Nepali hutumia chaku, yaani sukari ya miwa iliyopikwa ikawa nzito na nyeusi. Mji wa Tokha, kaskazini mwa Kathmandu, unasifika kwa kuitengeneza. Kwetu sukari guru inafaa vizuri. Kata gramu 200, iyeyushe kwa robo kikombe cha maji, ichuje (hutoa mchanga na nyuzi za muwa, usiruke hatua hii), kisha irudishe motoni. Ipike moto mdogo mpaka tone ukilitia kwenye maji baridi linakusanyika na kuwa laini mkononi. Kaanga gramu 80 za ufuta bila mafuta mpaka uanze kurukaruka, utwange kidogo tu, uchanganye na sukari guru pamoja na kijiko cha samli. Wapo wanaotia nazi iliyokunwa. Acha ipoe mpaka iwe nzito ya kuchoteka.

Kukanda. Vikombe viwili vya unga kwenye bakuli kubwa. Chemsha maji, na nasema yachemke kweli, si ya moto wa kunawia. Mimina kikombe kimoja huku ukikoroga kwa mwiko, ongeza kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Huwa inafika kikombe kimoja na robo, na unga uliousaga mwenyewe hutaka pungufu kwa sababu una unyevu wake. Funika dakika kumi. Unga wa mchele hauna ule mnato unaovutika wa ngano, kinachoushikanisha ni wanga uliovimba kwa joto. Maji ya vuguvugu yatakupa mchanga mtupu. Joto likivumilika mkononi, paka mikono mafuta, ukande kwa nguvu dakika nane mpaka donge liwe laini na lisiwe na mpasuko ukilibonyeza. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu muda wote.

Kufinyanga. Chukua donge dogo la kutosha kiganja, liviringe mpaka uso uwe laini. Chovya kidole cha shahada kwenye mafuta (wenyewe hutumia ya haradali), kitie katikati ya donge, kisha zungusha donge juu ya kidole huku mkono mwingine ukilibana na kulivuta kuelekea ncha. Unatafuta umbo kama ule mfuko wa gazeti wa karanga: wazi juu, umechongoka chini. Ukuta uwe mwembamba, milimita mbili au tatu, na ulingane pande zote. Usiharakishe hapa. Toa kidole, tia kijiko kidogo cha vya ndani, acha nafasi mdomoni, kusanya kingo uzibe kabisa. Ile ncha ndefu ndiyo mkia, na yomari iliyokamilika hufanana na samaki. Wazee wa Kinewari husema kadiri mkia unavyorefuka ndivyo baridi inavyowahi kuondoka.

Mvuke. Maji yachemke kwanza, ndipo upange yomari kwenye chombo chenye matundu kilichopakwa mafuta, zisigusane. Zamani walitumia chungu cha udongo chenye matundu. Leo nyumba nyingi hutumia sufuria zilezile za kupikia momo, yaani vile vitonge vya unga vilivyojazwa nyama au mboga. Wewe unaweza kuweka chujio la chuma juu ya sufuria na kufunika vizuri. Dakika 12 hadi 15. Ganda likianza kung'aa zimeiva. Ziache zipoe kidogo kabla ya kula, sukari guru ya ndani huunguza ulimi vibaya.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nimejaribu hapa Tanga, zinapasuka nikivuta mkia. Nakosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Kama mpasuko unaanza kwenye kingo, donge limekauka: lowesha kiganja, kanda tena. Kama linakatika katikati, limepoa. Gawa donge mawili, nusu moja ikae imefunikwa juu ya sufuria yenye mvuke wakati unafinyanga nyingine.

*Niko Doha, nafanya kazi na Wanepali. Wao waliniletea yenye kitu cheupe ndani, si sukari guru. Ni nini?*

Hiyo ni khuwa, maziwa yaliyopikwa moto mdogo huku yakikorogwa mpaka maji yote yakaisha. Lita moja ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta hukupa khuwa kidogo tu, kwa hiyo anza na mbili. Tia sukari na iliki. Mimi napenda zaidi ya ufuta, ila waulize wenzako wamefunzwa vipi kwao, maana kila nyumba ina mkono wake. Wengine hujaza hata dengu nyeusi zilizosagwa, bila sukari.

*Naweza kuchanganya na ngano ili livutike?*

Litavutika, ndiyo, lakini utakuwa umepika kitu kingine. Ngano ikipikwa kwa mvuke hutafunika tofauti na hufunika ladha ya mchele. Jaribu mara moja zaidi kwa maji yanayochemka kabla hujakata tamaa.

*Mwalimu, ni kweli watoto huvishwa yomari?*

Kweli. Wanewari huzitunga uzi ziwe shada, mtoto akavishwa shingoni siku ya kuzaliwa, idadi ikilingana na umri wake. Hufanywa kwenye miaka shufwa, kuanzia miwili mpaka kumi na miwili. Ukitaka kufanya hivyo, finyanga ndogo, na uzi upite kwenye mkia, usiguse tumbo lenye sukari guru.

*Zikibaki zinakaa siku ngapi?*

Kwenye friji siku mbili au tatu, zikiwa zimefunikwa. Zitakuwa ngumu, hilo ni kawaida ya mchele. Zirudishe kwenye mvuke dakika tano zitalainika. Za siku ya pili wengine huzikaanga kwa samli kidogo, na ganda likishika rangi ya kahawia zinakuwa tamu sana na chai.