Somo: Kuacha kazi mbaya bila kuangukia nyingine

Swali hili, jinsi ya kuacha kazi hapa Uganda, naulizwa faraghani kila mara. Kuanzia leo atakayeuliza nitamleta hapa.

1. Usiache kazi kabla hujashika barua ya ajira mpya iliyosainiwa. Ahadi ya simu si barua.

2. Soma mkataba wako wa sasa.

3. Toa notisi kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri. Kwa Sheria ya Ajira ya 2006, notisi inategemea muda uliofanya kazi: miezi 6 hadi mwaka, wiki 2; mwaka hadi miaka 5, mwezi 1; miaka 5 hadi 10, miezi 2; zaidi ya hapo, miezi 3.

4. Mchunguze mwajiri mpya. Hapa ndipo watu wanaumia. Angalia URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, kama kampuni imesajiliwa, ila usajili peke yake haulipi mshahara. Kinachosema kweli ni NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Mwajiri anakukata asilimia 5 ya mshahara, anaongeza 10 yake, na tangu sheria irekebishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anawajibika. Tafuta mtu anayefanya kazi humo ndani, afungue taarifa yake ya NSSF kwenye simu uione. Usitazame jumla, tazama miezi. Michango ikiruka miezi mitatu halafu ikaingia kwa mkupuo, jua mishahara nayo inasuasua, hata ofisi iwe na vioo hadi dari.

Onyo: asikutumie picha ya taarifa hiyo. Ikimfikia bosi, anayefukuzwa ni huyo mtu wako wa ndani. Na usimuulize anayekufanyia usaili, atasema wanalipa.

Huna mtu ndani? Tuseme kiwanda kiko Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala: nenda mchana kwa mwuza rolex (chapati ya mayai) mkabala na geti. Anajua nani anakula kwa deni, na tangu lini.

MASWALI

– Kaka, naweza kuacha kesho? Bosi ananitukana.
– Hatua ya 3. Soma.

– Nimesoma. Ananitukana mbele ya wateja, kila siku.
– Pole, dada, ungeanza na hilo. Mwajiri akikutendea isivyostahili mpaka ukaondoka, sheria inaweza kuhesabu kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Andika tarehe, maneno yenyewe na aliyesikia. Mwone afisa kazi wa wilaya kabla hujaondoka. Ukishaondoka una miezi 3 ya kulalamika.

– Slipu yangu ya mshahara inaonyesha makato ya NSSF, lakini kwenye taarifa hamna kitu tangu Januari. Nimepoteza?
– Hujapoteza. Deni ni la mwajiri, na NSSF ndio wanaolidai. Wapelekee slipu zote, nakala baki nazo. Umefanya vizuri kulinganisha, wengi hawafungui hata mara moja.

– Kwa hiyo Uganda hakuna mwajiri mzuri?
– Nimesema hivyo wapi?

– Ongeza hili, ssebo (bwana): ukiondoka, omba cheti cha utumishi. Ukiomba lazima wakupe.
– Kweli, asante. Na sababu ya kuondoka haiandikwi humo mpaka uombe mwenyewe.

– Na wakala wa kazi za Dubai?
– Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ina orodha ya wenye leseni. Jina lake halimo, usimpe hata shilingi. Mengine ya Uarabuni fungua mada yako.