Somo: Kutafuta adapta ya kinanda au redio ya zamani

Kinanda cha Casio kikikataa kuwaka, wengi hapa Lamu hudhani kimekufa. Mara nyingi kilichokufa ni adapta. Hewa ya chumvi hula vyuma vyake, na waya hukatikia ndani pale unapopindwa kila siku. Kabla hujaenda madukani mtaa wa Langoni kununua nyingine, fuata haya.

Kwanza soma maandishi ya kifaa chenyewe. Usitegemee adapta uliyoikuta nayo, huenda si yake. Volti zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi, kwani kifaa huvuta kinachohitaji tu: kikiandikwa 850mA (miliampea 850, yaani ampea 0.85), adapta ya ampea 2 haina neno, ya 500mA itapata moto.

Pili, chanya na hasi. Hapa ndipo mali za watu huungulia, kwa hiyo naomba msome polepole. Karibu na tundu la kifaa linaloingia ncha ya adapta kuna mchoro wa nukta iliyozungukwa na nusu duara. Mstari wa nukta ukielekea +, chanya iko katikati ya ncha. Ukielekea −, katikati ni hasi. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vya volti 9 vina hasi katikati, ilhali adapta nyingi za madukani leo zina chanya. Ncha itaingia vizuri kabisa na bado iunguze bodi. Muuzaji akikwambia "zote ni moja", mwombe mita ya kupimia umeme mpime pamoja.

Ncha nayo ina vipimo: nyingi zina upana wa milimita 5.5, lakini tundu la ndani ni 2.1 au 2.5. Beba kifaa dukani ujaribishe kabla ya kuchomeka umeme.

Adapta iliyotoka Marekani ikiandikwa INPUT 120V peke yake, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 240.

MASWALI

— Assalamu alaikum fundi. Adapta yangu imeandikwa OUTPUT 9V AC, wala haina mchoro. Ninunue ya DC?

Wa alaikum salaam dada. La, tafuta ya AC vilevile. AC ni umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, kwa hiyo hauna chanya wala hasi maalumu kama DC, unaokwenda upande mmoja; ndiyo maana hukuona mchoro.

— Kaka, mimi niko Manda, natumia sola. Redio ya volti 12 naweza kuiunga kwenye betri moja kwa moja?

Ya gari, ndiyo. Ya nyumbani usiharakishe: betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Weka kifaa cha kushusha volti katikati, na fyuzi karibu kabisa na betri.