Jinsi ya kuelezea spishi mpya ya sponji wa kina kirefu ukiwa Dodoma

Watu wa baiolojia mlioko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na nyie mliomaliza mko mtaani, msijitoe kwenye hii kazi ya kuelezea spishi, yaani kuipa jina na kuitangaza kwenye makala ya kisayansi, eti kwa sababu bahari iko mbali. Sponji wa kina kirefu, yaani wale wanyama sahili wanaokaa chini baharini, hawaelezewi melini, wanaelezewa mezani, tena wengine wamekaa kwenye mitungi ya makumbusho miaka mingi wanasubiri mtu tu. Unahitaji hadubini nzuri na sampuli iliyotunzwa.

Kama kuna mwenzako anapanda meli ya utafiti, mwambie mapema ampige picha sponji akiwa bado hukohuko chini, maana akishaingia kwenye ethanoli rangi inapotea na mwili unasinyaa, halafu aandike kina, latitudo na longitudo, tarehe, na alikuwa amekaa kwenye jiwe au kwenye tope. Ethanoli iwe asilimia 96. Formalini muachane nayo, inaharibu DNA. Vibali navyo vishughulikiwe kabla, kwa hapa kwetu ni COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Sasa kazi yenyewe. Sponji hana mfupa wala neva, na umbo la nje linadanganya sana, kwa hiyo unamtambua kwa spikuli, yaani vile vijiti vidogo vya silika vinavyoshikilia mwili wake. Kata kipande cha milimita chache kutoka juu na kingine kutoka ndani, usivichanganye kwa sababu spikuli za juu mara nyingi sio zile za ndani. Weka kila kimoja kwenye kichupa chake, mimina jiki, nyama itayeyuka na spikuli zitabaki chini kama vumbi jeupe. Mwaga taratibu, ongeza maji safi, ziache zitulie, rudia mara kadhaa, malizia na ethanoli. Hapa tafadhali msiharakishe, kuna spikuli kubwa zinazojenga mwili na kuna ndogo sana zinazokawia kutua, ukimwaga haraka hizo ndogo zinaondoka na maji na ndizo mara nyingi zinazotenganisha jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) na jenasi! Na jiki usiichanganye na asidi hata kidogo, inatoa gesi ya klorini.

Kipande kingine kata wembamba bila kuyeyusha, uone spikuli zimepangwaje. Halafu pima, kama 30 za kila aina, urefu na unene kwa maikromita, andika ndogo kabisa, wastani na kubwa kabisa. Picha za hadubini ya elektroni omba kwenye maabara yenye hiyo mashine.

Ukishajua jenasi ndio unafika kwenye sehemu ngumu, na mimi naona hii ndiyo elezo lenyewe: kulinganisha. Ingia World Porifera Database, orodha ya sponji mtandaoni, ni bure, ina zaidi ya spishi 9,000, toa spishi zote za jenasi yako, tengeneza jedwali la spikuli na vipimo. Soma maelezo ya kwanza ya kila moja hata kama ni ya zamani na ni ya Kijerumani. Monorhaphis chuni kwa mfano, sponji wa kioo ambaye spikuli yake moja inafika hadi mita 3, alielezewa na mtaalamu Mjerumani Schulze mwaka 1904 kutokana na sampuli za meli ya Valdivia zilizotoka pwani hii hii ya Afrika Mashariki, sasa utamrukaje? Pale maandishi yakiwa hayatoshi omba makumbusho wakutumie picha za holotaipu, yaani ile sampuli moja ambayo jina la spishi limefungwa nayo. DNA inasaidia ila usiitegemee peke yake, jeni ya COI, inayotumika sana kutambua wanyama, kwa sponji inabadilika polepole, spishi mbili zinaweza kutoka sawa.

Jina la spishi likiwa kivumishi cha Kilatini lazima lifuate jinsia ya jenasi, la mahali huishia -ensis, la heshima kwa mwanaume -i, kwa mwanamke -ae. Usiipe spishi jina lako mwenyewe, wenzako hawatakuelewa.

Kwenye makala andika wazi sp. nov., yaani spishi mpya, taja holotaipu ni ipi, iko makumbusho gani na namba yake. Jarida likiwa la mtandaoni tu, makala isajili ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, kabla haijatoka na namba ya usajili ionekane ndani ya makala, la sivyo jina halihesabiki.